Kumpeleka mfanyakazi aliyelemewa kwa mshauri nasaha

Anza na daftari. Kwa wiki mbili andika unayoyaona kazini tu, kwa tarehe na saa: "Jumanne, zamu ya saa moja asubuhi, kafika saa mbili na nusu." Usiandike "mlevi" wala "ana msongo". Hilo ni la daktari, na ukikosea litamfuata mtu hadi kwenye kikao cha nidhamu.

Mwite peke yake mwanzoni mwa zamu. Mwishoni akili yake iko kwenye feri ya Likoni. Kaeni ofisi yenye mlango, mbali na geti la yadi ambako wenzake wanatazama. Msomee ulichoandika, kisha sema:

"Salim, ndugu yangu, umechelewa mara tatu na si kawaida yako. Sikuulizi ya nyumbani. Kampuni ina mshauri nasaha, hulipi kitu, na utakayomwambia hayanifikii. Tumpigie sasa hivi, au utampigia mwenyewe?"

Swali hilo la mwisho lisikose. Karatasi yenye namba ikitiwa mfukoni, aghalabu hufuliwa pamoja na suruali. Akikubali, mpe nafasi apige simu, wewe utoke nje. Kwenye ratiba ya zamu andika "ruhusa", basi.

Akikataa, mwache. Kukataa ushauri si kosa. Endelea kufuatilia kazi yake. Ikifika hatua ya kumwachisha, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinataka aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, na asikilizwe akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi.

Panapoharibika zaidi ni bosi kumuuliza mshauri, "Alisema nini?" Siri moja ikivuja, yadi nzima haitakanyaga tena pale. Kwa idhini ya maandishi ya mfanyakazi, unaambiwa tu kama alihudhuria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti.

Kuna mambo hayangoji daftari. Akija amelewa, mshushe kwenye forklifti kwanza, na asiendeshe gari kurudi kwao. Akitaja kujiua, usimwache peke yake hata dakika; mfikishe hospitali ya Coast General, Mombasa. Kampuni isiyo na mshauri, kwa pombe na dawa za kulevya simu ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi, ni 1192, bila malipo.

Baada ya wiki mbili kaeni tena, mzungumze kuhusu kazi pekee.