Akiugua mtu Lamu: aende wapi, na kwa muda gani

Simu iliniingia saa tisa ya usiku huku Leicester, Uingereza. Lamu walikuwa wameshatoka kuswali Alfajiri. Ami yangu ameamka, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauinuki. Nikafanya wanachofanya wengi wetu tulio nje: nikaanza kutafuta hospitali kubwa Mombasa, nikatuma pesa za ndege. Ndege yenyewe ilikuwa ya mchana. Nyumbani wakampaka mafuta ya habasoda, wakamletea kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, anywe. Saa sita zilipita bila mtu kumpima hata presha, na hospitali ya King Fahd iko mjini humo humo. Ami yuko hai, lakini kanzu hufungwa vifungo na mkewe mpaka leo.

Tangu siku ile, kabla sijauliza hospitali ipi nzuri, nauliza ugonjwa huu unatupa muda gani, na kwa muda huo tunaweza kufika wapi.

Ukikaa ng'ambo miaka mingi unasahau masafa ya kwetu. Ambulensi haifiki mlangoni kwenye vichochoro vya Lamu. Mgonjwa hubebwa kwa machela au mkokoteni mpaka gatini, kisha boti mpaka Mokowe, ndipo barabara ianze: Malindi ni zaidi ya kilomita 200, Mombasa yapata 340. Hata uwanja wa ndege uko Manda, ng'ambo ya maji. Anayetoka Kizingitini au Siyu ana kazi zaidi, kwani maji yakipwa njia ya Mkanda huwa taabu kwa boti, na kusi ikivuma bahari huchafuka. Mkiwa kisiwa cha Pate anzeni hospitali ya Faza. Bara kuna ya Mpeketoni. Hospitali ya karibu ndiyo inayomtuliza mgonjwa, na ndiyo inayoandika rufaa na kupiga simu anakopelekwa.

Kiharusi, kifua kinachobana huku jasho likitoka, kupumua kwa shida, degedege, mtu kupoteza fahamu: hayo yote ni ya hospitali iliyo karibu, sasa hivi. Kiharusi cha damu iliyoganda kina dawa ya kuyeyusha, lakini hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya ubongo. Kwa hiyo andikeni saa mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho. Msimpe aspirini kwa kubahatisha. Huenda ubongo unavuja damu. Na apimwe sukari, maana sukari ikishuka sana humfanya mtu aonekane kama amepooza. Kombe na dua siwakatazi, mimi mwenyewe nimekulia humo. Someni njiani, kwenye boti.

Gharama zisiwafunge miguu. Katiba ya Kenya, ibara ya 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura.

Homa nataka niiseme kwa urefu, kwa sababu ndiyo inayowaponza wageni wa likizo. Mtu aliyekulia Lamu huamini damu yake imeshazoea malaria. Kinga ile hupungua ukikaa nje, na watoto waliozaliwa Toronto au Oslo hawajawahi kuwa nayo. Mwone daktari kabla ya safari akupe dawa za kujikinga, na mlale kwenye chandarua hata kama bibi anacheka. Homa ikianza, siku hiyo hiyo nendeni zahanati au kituo cha afya mpimwe damu. Hakuna haja ya kukimbilia Mombasa kwa kipimo kinachotoka kwa tone la kidoleni. Ikithibitika, maliza dozi yote ya siku tatu hata ukijisikia nafuu siku ya pili. Anayetapika kila anachomeza, mtoto aliyelegea asiyenyonya, mjamzito mwenye homa, mtu anayeanza kusema maneno yasiyoeleweka, hao wapelekwe hospitali moja kwa moja. Na ukisharudi ulaya ukashikwa na homa hata baada ya wiki kadhaa, neno la kwanza kwa daktari liwe: nilikuwa pwani ya Kenya. Yeye atafikiria mafua, usipomwambia.

Ukichomwa na taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, ukiwa majini Shela, tia mguu kwenye maji ya moto unayoweza kustahimili, nusu saa hadi saa moja na nusu. Jaribu joto kwa mguu usioumia kwanza, kwa kuwa ule ulioumia haupimi vizuri na unaweza kuungua. Kisha hospitali, watoe mabaki ya mwiba na wakudunge sindano ya pepopunda. Mwiba ulioingia kifuani au tumboni usiuchomoe. Kwa kuumwa na mbwa au paka, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, halafu piga simu uulize wapi chanjo ya kichaa cha mbwa ipo kabla hujapanda boti. Dozi ni kadhaa kwa tarehe maalumu; likizo ikiisha, safiri na kadi ukamalizie huko unakoishi. Kwa nyoka, huko bara upande wa Witu au Hindi, msichanje, msinyonye, msifunge kamba. Kiungo kisitikiswe, mgonjwa abebwe mpaka hospitali yenye dawa ya sumu.

Mwanamke aliyewahi kujifungua kwa upasuaji, mwenye mapacha au mwenye presha ya mimba asingojee uchungu visiwani. Mhamishieni mapema kwa jamaa au chumba cha kupanga karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji. Pesa ya kodi ya mwezi mmoja ni kidogo kuliko boti ya usiku wa manane.

Presha na sukari za wazee wetu zinataka kliniki ya karibu, kila mwezi, na daftari moja. Hapa sisi wa nje tunaharibu kwa mapenzi. Mwaka juzi nilifungua kabati la mama nikakuta amlodipini, dawa ya presha, ya kliniki ya Lamu, na kando yake kopo nililomletea mimi lenye jina jingine la kibiashara. Ni dawa ile ile. Alikuwa akimeza zote mbili, kwa maneno yake moja ya serikali, moja ya mwanangu, na kizunguzungu chake tulikilaumu joto. Usitume dawa kabla ya kupigiwa picha ya kila pakiti iliyo nyumbani, na jina la kusoma ni lile dogo la dawa yenyewe, lililoandikwa chini ya jina kubwa.

Macho, meno, goti, ngiri na upasuaji wowote wa kupanga, hapo ndipo Mombasa au Malindi inafaa safari. Pelekeni karatasi za vipimo vya awali. La sivyo mtalipia upya.

Kuhusu malipo: tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya serikali, NHIF, imeondoka na SHA imeshika nafasi yake. Msajili mzazi kwa kitambulisho chake kupitia *147#. Aliyesajiliwa huhudumiwa zahanati na vituo vya afya vyenye mkataba bila kulipa, lakini kulazwa hospitali kunataka mchango uwe umelipwa. Asiye na mshahara hulipa wa mwaka mzima kwa mkupuo, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Ukiwa na pesa ya kutuma, anzia hapo. Wewe mwenyewe ukija na pasipoti ya nje, kata bima ya safari inayotaja waziwazi kusafirishwa mgonjwa kwa ndege.

Mambo mengine yote tumeyaandika kwenye karatasi moja kwa herufi kubwa: dawa na dozi zake, nambari ya SHA, namba za hospitali, jirani mwenye mkokoteni, nahodha anayekubali kuamshwa usiku. Mama ameibandika nyuma ya mlango, chini ya kalenda ya Hijria. Namba ya nahodha huibadilisha mwenyewe kwa kalamu kila boti inapouzwa.