Kuchagua batri mpya ya gari la spoti la zamani ukiwa Lubumbashi

Batri nyingi za magari haya huharibiwa dukani, gari lenyewe likiwa bado halijaguswa. Mwenye gari anauliza "iko na ampere ngapi?" na kubeba yenye namba kubwa kuliko zote ambazo mfuko wake unaziweza. Kwa pikapu inayopanda Likasi na kurudi kila siku, swali hilo linatosha. Kwa MGB, Alfa Romeo Spider, Porsche 911 ya kwanza-kwanza au Peugeot 504 kabrioleti, yapo maswali mawili yanayotangulia: batri inakaa wapi, na inachajiwa na nini. Ampere zinafuata baadaye, na mara nyingi zinazohitajika ni chache kuliko unavyodhani.

Kabla ya kutoa franga, hakikisha batri ndiyo mbaya

Acha gari lilale usiku mzima bila kuwashwa. Asubuhi, weka multimetre moja kwa moja juu ya vichwa vya batri. Volti 12.6 au zaidi ni batri iliyojaa, 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 imekaribia kuisha. Ikiwa iko chini, ichaji mpaka ijae, iache itulie saa kadhaa, kisha mtu mwingine awashe gari huku wewe ukiangalia mita. Ikishuka chini ya 9.6 wakati demarere (mota ya kuwashia gari) inazunguka, batri imekwisha. Lakini ikibaki juu ya 10.5 na demarere bado inazunguka kwa uvivu, usinunue kitu. Kasoro iko kwenye nyaya au kwenye demarere yenyewe.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Motere (injini) ya gari imekaa juu ya mipira, kwa hiyo umeme wa demarere hurudi kwenye bodi kwa kupitia mkanda mmoja wa shaba iliyosukwa. Gari la miaka 50 lililopita misimu mingi ya mvua huwa na mkanda uliokwisha kuwa kijani ndani, au uliofungwa juu ya rangi na kutu. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha batri cha upande wa masi, yaani upande unaofungwa kwenye bodi ya gari (kichwa chenyewe, si kosi inayokibana) na nyingine kwenye chuma kitupu cha motere, kisha washa. Mita ikionyesha zaidi ya volti 0.3, safisha au badilisha mkanda huo kwanza. Ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na batri.

Kama batri inakufa gari likiwa limesimama tu, pima umeme unaovuja. Zima kila kitu, fungua waya wa masi, weka multimetre katikati ya waya huo na kichwa cha batri ukitumia tundu la ampere 10, na usijaribu kuwasha gari ikiwa hivyo. Saa ya zamani kwenye dashibodi inaweza kula miliampere 20, yaani kama Ah (ampere-saa, kipimo cha umeme ambao batri inahifadhi) 14 kwa mwezi. Ukikuta 50, hizo ni Ah 36 kwa mwezi, na batri ya Ah 44 haitavuka mwezi wa pili. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Redio iliyoongezwa na fundi wa mtaani ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Volti ngapi, na masi iko upande gani

Usidhani kila gari ni volti 12. Porsche 356 nyingi zilitoka kiwandani na volti 6. MGB za mwanzo zina batri mbili za volti 6 nyuma ya viti, zimeunganishwa kwa mfuatano ili zitoe 12. Kuanzia mwishoni mwa 1974 kiwanda kiliweka moja ya volti 12. Porsche 911 za 1969 hadi 1973 nazo zina batri mbili, kila moja pembeni kwa mbele karibu na taa, lakini hizo ni za volti 12 kila moja, zimeungwa sambamba. Mbili kama hizo hununuliwa pamoja, aina moja na umri mmoja, kwa sababu ile dhaifu humvuta mwenzake chini.

Mwenye MGB anaweza kuweka batri moja ndogo ya volti 12 kwenye sanduku moja na kuondoa waya uliounganisha mbili. Kazi hiyo ni halali kabisa, na kwa hapa kwetu ndiyo tunayoipendekeza, maana volti 6 ya kuwasha motere haipatikani kirahisi. Zile ndogo za volti 6 za pikipiki au za taa haziwezi kuzungusha demarere ya gari.

Jambo la hatari zaidi ni masi. Magari mengi ya Uingereza ya zamani yalifungwa chanya kwenye bodi: MGB mpaka 1967, Jaguar E-Type ya lita 3.8. Fundi aliyezoea Toyota atafunga hasi kwenye bodi bila kuuliza. Kama gari lina alternatere (mashine ya kuchaji batri), diodi zake huungua papo hapo. Kama lina dinamo, mashine ya kuchaji ya zamani zaidi, redio na vifaa vingine vya elektroniki ndivyo vinavyolipa. Rangi ya waya si ushahidi, na kitabu cha gari nacho si ushahidi kamili, kwa sababu mwenye gari wa zamani anaweza kuwa aligeuza mfumo wote. Fuata kwa mkono waya uliofungwa kwenye bodi mpaka ufike kwenye batri, soma alama ya + au − pale unapoishia, kisha iandike kwa rangi ndani ya kapo (boneti) ili kila fundi aione.

Pima sanduku

Chukua urefu, upana na kimo cha mahali batri inapokaa, kwa milimita. Kimo ndicho kinachochoma magari. Kapo za magari ya spoti ziko chini sana, na kichwa cha batri kikigusa chuma cha kapo barabara inaporusha gari, moto unaanza hapo hapo. Weka donge la udongo wa mfinyanzi mahali vichwa vitakapokaa, funga kapo taratibu, fungua, pima unene wa donge. Bakiza angalau milimita 20 za hewa, na hata hivyo funika kichwa kisicho cha masi kwa mpira.

Vipimo vya Ulaya utakavyokutana navyo ni hivi: 207 × 175 × 190 ni batri ya kama Ah 44, 242 × 175 × 190 ni ya kama Ah 60, na 278 × 175 × 190 ni ya Ah 70 na kidogo. Zipo zenye milimita 175 za kimo badala ya 190, na kwa gari la kapo fupi hizo ndizo za kutafuta. Batri za Kijapani zinasomwa kwa njia nyingine. Kwenye 55D23L, 23 ni urefu kwa sentimita, D ni daraja la upana na kimo (milimita 173 kwa 204), na herufi ya mwisho inasema vichwa vimekaa upande gani. L na R hukosewa hata na wauzaji. Linganisha kwa macho na batri ya zamani, vichwa vikiwa upande wako. Kichwa kikiwa upande usiofaa, waya hautafika, na waya unaovutwa kwa nguvu huvunja kichwa ndani ya batri miezi michache baadaye.

Angalia pia unene wa vichwa. Vile vya kawaida vina milimita 19.5 kwa chanya na 17.9 kwa hasi chini kabisa. Batri ndogo za Kijapani zina vyembamba, 14.7 na 13. Kosi kubwa kwenye kichwa chembamba hailegei siku ya kwanza. Inalegea barabarani. Tumia pete za risasi za kuongeza unene. Kujaza kwa kipande cha bati la kopo hakukubaliki.

Mwisho, jinsi ya kuishika. Magari ya zamani hubana batri kutoka juu kwa fimbo mbili na ukanda wa chuma, ilhali nyingi za Ulaya zimetengenezwa zibanwe kwenye ukingo wa chini. Nunua ile ambayo kibano chako kinaishika kweli. Batri inayocheza hupukutisha bamba zake za risasi, unga unajaa chini, na siku moja seli inashotika.

Dinamo au alternatere ndiyo inayochagua aina

Washa gari, pandisha mzunguko kidogo, pima kwenye batri. Kati ya 13.8 na 14.4 ni vizuri. Dinamo za zamani, kama Lucas C40 inayotoa ampere 22 tu, hazichaji chochote cha maana gari likiwa limesimama kwenye foleni ya mjini, na regilateri (virekebisha volti) zake za sumaku huyumba: leo 13.6, kesho 15.

Gari la dinamo lichukue batri ya maji yenye vifuniko vinavyofunguka. Volti ikizidi, maji hupungua, wewe unaongeza maji safi ya batri na maisha yanaendelea. Batri iliyofungwa kabisa ikichajiwa kwa 15, maji yaliyotoka hayarudishwi.

AGM (batri iliyofungwa, asidi yake ikiwa imenyonywa na nyuzi za kioo) ni chaguo zuri pale alternatere iko imara na haivuki 14.7, hasa batri ikiwa ndani ya kofre (buti) au nyuma ya viti. Haimwagi asidi, inavumilia mtikisiko, inakaa muda mrefu bila kuchajiwa. Mazda MX-5 ya kwanza ilitoka kiwandani na ya namna hiyo ndani ya kofre, pamoja na bomba la kutolea gesi nje. Ukiweka batri ya kawaida pale bila bomba, mvuke wa asidi hula sakafu ya kofre, na hidrojeni inabaki ndani ya chumba kilichofungwa.

Batri za sola zimejaa kwenye maduka ya mji huu, na kwa kukatika kwa umeme ndivyo inavyopaswa kuwa. Lakini bamba zake nene zimetengenezwa kutoa umeme kidogo kwa masaa mengi. Demarere inataka mwingi kwa sekunde tano. Usiiweke. Lithiamu nayo iache kabisa kwenye gari la dinamo. Ulinzi wake wa ndani hukata umeme volti ikizidi, na kwa gari la alternatere kukatika kwa ghafla namna hiyo kunaweza kuua diodi.

Sasa ampere

Namba ya ampere za kuwashia inapimwa kwenye baridi ya nyuzi −18. Hata asubuhi ya Julai Lubumbashi haifiki karibu na hapo. Motere ya lita 1.8 inatosheka na 350 hadi 450. Silinda sita ya lita 4.2 itake 550 hadi 600. Kuzidisha kuna gharama yake: ili kupata ampere nyingi ndani ya sanduku lile lile, kiwanda huweka bamba nyingi nyembamba, na joto la Oktoba hula bamba nyembamba haraka.

Linganisha namba za kipimo kimoja. Ampere za DIN (kipimo cha Ujerumani) ni kama asilimia 60 ya zile za EN (kipimo cha Ulaya) kwa batri ile ile. Kwenye namba ndefu za Ulaya, mfano 560 408 054, tarakimu tatu za kwanza zinasema volti 12 na Ah 60, na tatu za mwisho ukizidisha kwa 10 ni ampere 540 za EN.

Dukani

Nenda na multimetre yako. Mzigo unaoingia kwa Kasumbalesa umepita bandarini na kwenye lori kwa majuma mengi, na batri iliyojazwa asidi huisha yenyewe polepole ikiwa imekaa. Chini ya 12.4, iache, hata muuzaji akiahidi kuichaji mbele yako. Tafuta tarehe iliyogongwa kwenye plastiki. Viwanda vingi hutumia herufi kwa mwezi (A ni Januari) na namba kwa mwaka. Ibebe mkononi: Ah 60 ya kweli ina kilo 14 au 15. Nyepesi mno, au yenye mstari wa gundi kuzunguka kifuniko, imefunguliwa na kufungwa upya.

Ile inayouzwa kavu na asidi pembeni ni nzuri, kwani haikuzeeka njiani. Jaza mpaka alama, ngoja nusu saa, kisha ichaji polepole kwa sehemu ya kumi ya Ah zake: ampere 4.5 kwa Ah 45. Kuanzia siku hiyo inaongezwa maji tu. Anayeongeza asidi kila inapopungua anaipika.

Kuifunga

Waya wa masi ndio unaotoka kwanza na kurudi mwisho, hata kama masi ya gari lako ni chanya. Hivyo kle (spana) ikigusa bodi hakuna cheche. Vaa miwani. Safisha sanduku kwa maji na bikaboneti, ikaushe, paka rangi palipo na kutu. Kosi isiyoingia ipanuliwe kwa bisibisi. Nyundo hupasua kichwa kwa ndani. Kaza, kisha paka grisi juu, si katikati.

Washa na upime tena: 13.8 hadi 14.4. Gari likikaa zaidi ya majuma mawili, fungua masi, au liache na paneli ya sola ya wati 10 yenye regilateri, ambayo haisubiri umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, urudi.