SOMO: Kiwanja cha michezo kando ya maji. Namna ya kusoma tathmini ya mazingira na kuandika maoni yatakayojibiwa

Wakuu, habari za jioni. Wiki hii nimepigiwa simu na watu wanne wa mitaa tofauti ya hapa Dar, wote na swali moja: kuna tangazo limebandikwa ofisi ya serikali ya mtaa, mradi wa kiwanja cha michezo pembeni ya bwawa au mto, wananchi wanaombwa maoni, tufanyeje? Nimekaa kwenye kamati ya mazingira ya mtaa kwa miaka kadhaa na ninajua makosa tunayoyafanya, kwa hiyo naandika hapa mara moja ili kila mmoja asome.

Kabla ya hatua yoyote, shikeni jambo hili. Mkienda mkutanoni kubishana kama kiwanja kinatakiwa au hakitakiwi, mtashindwa, maana kila mtu anataka watoto wake wacheze. Swali lenu liwe: maji yataenda wapi?

Hatua ya 1: Jua mradi uko kundi gani na hatua gani

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla mradi haujaanza, siyo katikati, siyo baada ya greda kupita. Kanuni zake zilirekebishwa mwaka 2018 na miradi ikagawanywa: kundi A lazima tathmini kamili, B1 ni ya katikati, B2 ni midogo. Muulize afisa mazingira wa manispaa mradi wenu umewekwa wapi na kwa nini. Kiwanja chenye jukwaa, maegesho na taa kikiingizwa kwenye kundi la miradi midogo, hapo pana la kuuliza. Na mtu asiwatishe na kibali cha ujenzi, hakichukui nafasi ya cheti cha mazingira.

Hatua ya 2: Nenda eneo lenyewe, mvua ikiwa imetoka kunyesha

Hii ndiyo hatua watu wanairuka, na mimi naiona ya kwanza kwa umuhimu. Vaa mabuti, beba futi kamba, nenda asubuhi baada ya mvua kubwa. Tazama matete: yamelala upande gani? Huko ndiko maji yalikokimbilia. Tazama kuta za nyumba za jirani. Utaona mstari wa tope uliokauka, wakati mwingine mistari miwili, mmoja juu ya mwingine, na mama mwenye nyumba atakwambia wa juu ni wa mwaka gani. Pima kutoka chini hadi mstari. Piga picha futi ikiwa ukutani, namba zisomeke. Mimi nimewahi kupima mstari uliofika kitasa cha mlango, kwenye nyumba ambayo ramani ya mradi iliionyesha kama "eneo kavu".

Kisha pima umbali kutoka ukingo wa maji hadi kigingi cha kwanza cha mradi. Kifungu cha 57 cha sheria hiyo kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa la asili, ukingo wa mto au bwawa la maji. Jukwaa la zege ni la kudumu. Maegesho ya lami ni ya kudumu.

Hatua ya 3: Omba ripoti

Ripoti yenyewe ni nene na iko kwa Kiingereza. Lakini kanuni zinataka iambatane na muhtasari wa lugha nyepesi, kwa Kiswahili na Kiingereza. Uombe kwa barua, siyo kwa mdomo. Ipeleke kwa mtendaji, nakala kwa manispaa na kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa, uitunze.

Hatua ya 4: Soma sura ya maji, na upige hesabu mwenyewe

Hapa tutulie. Milimita moja ya mvua ikidondoka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Hiyo tu ndiyo kanuni unayohitaji.

Tuseme mradi una maegesho ya magari 300. Gari moja pamoja na njia yake ya kupita linakula kama mita za mraba 25, kwa hiyo maegesho yote ni mita za mraba 7,500, zaidi kidogo ya kiwanja cha mpira chenyewe, ambacho kikiwa mita 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140. Sasa ije siku ya masika ya milimita 60. Maegesho peke yake yatakusanya lita 450,000. Hayo ni maboza 45 ya lita elfu kumi kumi, yakimwagwa siku moja, na lami hainywi hata tone. Majani na udongo uliokuwepo jana ulikuwa ukinywa sehemu na kuachia polepole.

Fungua ripoti utafute hesabu hiyo. Ukikuta sentensi kama "mifereji ya kutosha itajengwa", weka alama ya kuuliza. Ya kutosha lita ngapi? Inamwaga wapi? Kalavati la barabarani lina upana gani? Jiji hili limekwishalipa gharama ya kutouliza. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na wengi wa walioathirika walikuwa watu wa mabondeni. Mto Msimbazi unashuka kutoka milima ya Pugu, unapita katikati yetu hadi baharini pale daraja la Salenda, na kila kipande cha lami kinachowekwa juu kinaongeza maji kwa aliye chini. Aliye chini wakati mwingine hata hajui kuna kiwanja kinajengwa.

Hatua ya 5: Vingine vya kuangalia

Vyoo: siku ya mechi watu elfu mbili, majitaka yanaenda chemba ipi, na chemba iko umbali gani na maji. Mbolea na dawa za nyasi, maana vikisombwa hadi bwawani vinalisha mwani na magugumaji. Taa za usiku na ndege wanaolala kwenye matete. Kelele. Chanzo cha maji ya kumwagilia: wakitaka kuyavuta mtoni au kisimani wanahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde, na kwetu Dar ni Wami/Ruvu.

Sura ya mbadala msiiache. Ripoti nzuri inaeleza sehemu nyingine zilizofikiriwa na kwa nini ziliachwa. Sura hiyo ikiwa na aya moja, ina maana hakuna aliyefikiria.

Hatua ya 6: Mkutano

Niliwahi kuitwa kwenye mkutano wa wadau wa mradi mmoja. Tulifika, tukasaini karatasi ya mahudhurio, tukapewa soda na nauli, mtaalamu akaeleza kwa dakika ishirini, watu wawili wakauliza kuhusu ajira, tukaondoka. Miezi baadaye niliiona ripoti. Karatasi ile ya mahudhurio ilikuwa kiambatisho, na sahihi yangu ikiwa mstari wa tisa, juu yake pameandikwa kwamba wananchi waliukubali mradi. Sikuwahi kukubali wala kukataa. Niliumia sana, na tangu siku hiyo nasaini nikiwa nimeandika pembeni ya jina langu: "nimehudhuria, maoni yangu ni kwa barua." Fanyeni hivyo. Na kabla ya kutawanyika ombeni muhtasari wa mkutano usomwe kwa sauti.

Hatua ya 7: Barua

Ukurasa mmoja unatosha. Taja mradi, taja ukurasa wa ripoti, weka kipimo chako, kisha uliza swali linalodai namba. "Ukurasa wa 48 unasema eneo halifuriki. Nyumba iliyo mita 35 kutoka kigingi cha mashariki ina alama ya maji ya sentimita 92, picha imeambatishwa. Je, kimo cha mafuriko kilichotumika katika usanifu ni kipi?" Barua ya namna hiyo ni ngumu kuijibu kwa maneno matupu. Barua ya "tunapinga vikali" inawekwa kwenye faili na kusahauliwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Mwanza: Dada, asante kwa somo. Huku kwetu ni ziwa lenyewe. Hizo mita 60 zinapimwa kuanzia wapi, wakati ziwa linasogea?

Jibu: Kaka, umegusa penyewe. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kuvuka rekodi yake ya mwaka 1964, na mwaka 2024 likapanda tena. Hoteli na nyumba zilizokuwa "mbali" na ziwa ziliamkia majini. Kwa hiyo dai ramani ya mradi ionyeshe mstari wa maji wa 2020, na mita 60 zihesabiwe kutoka hapo. Wazee wa mwaloni wanaujua mstari huo vizuri, nenda nao. Suala la mbolea kwenu lina uzito zaidi, magugumaji mmeyaona wenyewe yakifunga mialo.

Mzee wa Mbagala: Binti yangu, mimi nina miaka sabini. Viwanja tulivyochezea vyote vimejengwa nyumba. Leo kimepatikana kimoja mnataka kukizuia?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Sitaki kukizuia, nakitaka kama wewe. Klabu zetu kubwa mbili zinaitwa kwa majina ya bonde hilihili, Wana Jangwani na Wekundu wa Msimbazi, mpira na maji hapa mjini vimekaa pamoja tangu zamani. Na ukweli ni kwamba kiwanja cha nyasi za asili kinaweza kufurika siku mbili kisha watoto wakarudi kucheza. Kinacholeta balaa ni zege na lami. Kwa hiyo mtaa unaweza kuomba hivi: kiwanja kibaki chini, majukwaa na maegesho yapande juu, na maegesho yawe ya kokoto badala ya lami. Ukisimama wewe mzee ukasema hayo mkutanoni, watakusikiliza kuliko mimi.

Mwanachama wa Tegeta: Wamesema watatandika nyasi bandia ili maji yasitumike mengi. Si afadhali?

Jibu: Kwenye maji ya kumwagilia, ndiyo. Lakini muulize ndani ya nyasi wanajaza nini. Mara nyingi ni chengachenga za mpira wa matairi, na mvua inazisomba. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni ya kuziondoa sokoni, viwanja vikapewa miaka 8 kujipanga. Kando ya bwawa lenye samaki mimi nisingezikubali. Halafu dada, nenda saa saba mchana ukaguse nyasi hizo kwa mkono ukaone joto lake.

Mwanachama wa Kigogo: Mwenyekiti anasema cheti kimeshatoka, tumechelewa.

Jibu: Cheti huwa kina masharti, na ripoti ina mpango wa usimamizi wa mazingira wenye ahadi za nani atafanya nini na lini. Ombeni nakala za vyote viwili. Kila ahadi isiyotekelezwa ipigeni picha yenye tarehe, pelekeni NEMC kwa barua. Vifungu vya 4 na 5 vya sheria vinampa kila mtu haki ya kuishi kwenye mazingira safi na salama, na ya kuidai kisheria. Lipo pia Baraza la Rufani la Mazingira. Ila anzeni na hizo nakala, bila hizo hamna cha kushika mkononi.

Mwanachama wa Kigogo: Tukizipata unaweza kuja tuzisome pamoja?

Jibu: Nitakuja. Chagueni Jumamosi, asubuhi ya saa moja, tuanze na kutembea kando ya maji kabla ya kufungua karatasi. Mwambieni na yule mama mwenye alama ukutani asitoke siku hiyo.