Jinsi ya Kuandika Dhiki Uliyoipitia Mpaka Mgeni Aisome Hadi Mwisho

Anayetaka kuandika maisha yake ya ufukara, maradhi, kifungo au utoto wa mateso ana kazi mbili mkononi. Ya kwanza ni kutoa dukuduku. Ya pili ni kumwandikia msomaji asiyekujua, asiye na sababu yoyote ya kukuhurumia. Miswada mingi ya namna hii huharibika kwa sababu mwandishi amezifanya kazi hizo mbili kuwa moja. Zitenge, kila moja na daftari lake.

Daftari la kwanza: dukuduku

Hili halisomwi na mtu. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walichapisha utafiti ambamo wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Walioandika tukio lililowaumiza pamoja na hisia zao walijisikia vibaya zaidi mara tu baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kwenye kituo cha afya mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Tafiti za baadaye zimetoa matokeo yasiyofanana, na faida kwa wastani ni ndogo. Hata hivyo, utaratibu wenyewe ni mzuri wa kuanzia: tega kengele ya dakika 15, andika bila kurudi nyuma kusahihisha, na ukiishiwa rudia sentensi ya mwisho mpaka nyingine ije. Siku ya nne funga daftari.

Kwa kuwa huzuni huja mara baada ya kuandika, usifanye hivi ukiwa unakwenda kulala au kazini. Jambo la wiki iliyopita liache kwanza. Na ukiona usingizi umekatika kwa siku kadhaa, kumbukumbu zinakuvamia mchana, au unawaza kujidhuru, simamisha kuandika na umtafute mtaalamu wa afya ya akili. Kitabu kitasubiri.

Utajuaje kwamba uko tayari kwa daftari la pili? Soma ukurasa mmoja kwa sauti. Ukifika mwisho na kugundua kwamba sentensi ya tatu ni ndefu mno, uko tayari. Ukisikia maumivu peke yake, bado.

Kukusanya kabla ya kuandika

Chora mstari wa miaka. Chini ya kila mwaka andika umri wako, ulikoishi, waliokuwamo nyumbani, na aliyeleta pesa. Kisha tafuta karatasi: barua, kadi za kliniki, ripoti za shule, stakabadhi, picha. Tukio lenye hofu kubwa hukumbukwa kwa uhakika mkubwa, lakini uhakika huo si ushahidi. Mfuatano wa mambo na nani alikuwepo vinaweza kuchanganyika. Waulize watu wawili, kila mmoja peke yake, na usiwasimulie toleo lako kabla hawajasema, maana watakurudishia maneno yako mwenyewe. Wakitofautiana, usichague toleo tamu. Andika kwamba wametofautiana. Msomaji atakuamini zaidi kwa mengine yote.

Andika matukio 20 kwenye kadi, kadi moja tukio moja. Bakisha 6 hadi 8. Kigezo ni kimoja: je, hapa mtu aliamua jambo, au kitu kilibadilika kikawa hakirudi? Mateso yaliyojirudia yawakilishwe na siku moja. Njaa ya siku ya kwanza na ya siku ya mia ni njaa tofauti kwako, ila kwa msomaji ni ileile, na akiisoma mara tatu ataanza kuruka kurasa.

Kuandika tukio

Lipe kila tukio maneno 700 hadi 1,000. Usianze na kuzaliwa kwako. Anza shida ikiwa tayari imeingia ndani. Linganisha sentensi hizi mbili:

“Tulikuwa maskini sana na niliteseka mno shuleni.”

“Nilijifunza kuandika herufi ndogo, mistari miwili katika nafasi ya mmoja, ili daftari lifike mwisho wa muhula.”

Ya pili haitaji umaskini wala mateso, lakini msomaji anayaona yote mawili, na ameyaona mwenyewe bila kusukumwa. Ukimaliza rasimu, zungushia duara kila “sana”, “mno”, “uchungu” na “machozi”. Futa, kisha uone kama tukio limesimama. Likianguka, kilichokosekana ni kitu cha kushika: chombo, kiasi, saa, maneno aliyosema mtu. Mahali panapotisha zaidi paandike kwa sentensi fupi na maneno ya kila siku. Mwandishi akipaza sauti hapo, msomaji hujitoa.

Kosa jingine ni mtoto wa miaka 8 kuongea kwa busara ya mtu wa miaka 40. Weka M kando ya kila sentensi inayotoka kwa yule wa wakati ule, na S kwa inayotoka kwako wa sasa. S zikizidi robo, umeacha kusimulia, unafafanua.

Sura ya kuvuka

Hapa ndipo waandishi wengi hulala. “Nilijitahidi, nikamwomba Mungu, hatimaye nikafanikiwa” huenda ni kweli tupu, lakini msomaji aliye ndani ya shida hawezi kuitumia. Anataka kujua nani alikukopesha, kiasi gani, ulilipaje, uliacha nini ili upate saa ya kuandika, nani alikukataa kabla. Taja bahati pale ilipokuwa bahati. Taja pia kisichopona, kama kipo.

Saa hiyo ya kuandika yenyewe inahitaji hesabu. Maneno 200 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ni maneno 52,000 kwa mwaka, kiasi cha kitabu kizima. Anayeahidi maneno 2,000 kila Jumamosi huugua Jumamosi mbili akaacha.

Watu wengine waliomo

Mficha uchi hazai, ndiyo, lakini methali haikusema uanike uchi wa jirani. Kubadili jina hakutoshi, maana mtu hutambulika kwa kazi, kilema, au mtaa. Badili angalau mambo matatu yasiyogusa kiini cha tukio, na mwambie msomaji mwanzoni kwamba umefanya hivyo. Ukimtuhumu mtu aliye hai kwa kosa la jinai bila hukumu ya mahakama au ushahidi wa maandishi, unaweza kushtakiwa kwa kashfa hata kama unasema kweli, na kazi ya kuithibitisha kweli hiyo inaweza kukuangukia wewe. Muone mwanasheria kabla ya kuchapisha, si baada. Ndugu wasio na hatia waonyeshe kurasa zinazowahusu mapema. Aliyekudhulumu huna wajibu wa kumwonyesha chochote.

Kusafisha

Laza rasimu wiki 3 au 4 bila kuigusa. Ukirudi, jaribu kukata aya ya kwanza na ya mwisho ya kila sura; mara nyingi ya kwanza ilikuwa ya kupasha misuli na ya mwisho ni mahubiri. Kisha wape wasomaji wawili, mmoja asikujue kabisa. Usiwaulize kama wamependa, maana kwa habari za mateso kila mtu hujibu ndiyo. Waombe waweke alama mahali walipochoka, walipochanganya majina, na walipohisi unawaomba huruma. Penye alama za wote wawili, kata au andika upya bila kubishana. Penye alama ya mmoja, pasome kwa sauti ndipo uamue.