Mwaka wa kwanza wa mtoto katika shule ya Marekani

Kwa familia inayotoka kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, Kakuma au Nakivale, mambo mengi ya mtoto huamuliwa siku ile ya kumwandikisha, wakati mzazi amechoka na anasaini tu kila karatasi anayopewa. Usiharakishe. Beba kadi ya chanjo, karatasi za uhamiaji na mkataba wa nyumba, kisha kagua tarehe ya kuzaliwa. Wakimbizi wengi wameandikiwa Januari 1, na shule kwa kawaida humpanga mtoto kwa umri, si kwa darasa alilofikia. Mwenye miaka 14 aliyeishia la tatu atajikuta la nane au la tisa. Uliza kama wilaya ina programu ya wanafunzi wapya. Ikiwepo, muombee nafasi mapema.

Kuna fomu inayouliza mtoto alianza kusema lugha gani na nyumbani mnaongea nini. Andika ukweli: Kiswahili, Kibembe, Kirundi. Wapo wazazi wanaojaza Kiingereza wakidhani mtoto ataheshimiwa zaidi. Kinachotokea ni kwamba hapimwi Kiingereza chake, hapati mwalimu wa ESL (Kiingereza kwa wenye lugha nyingine), na anakaa miezi darasani haelewi kitu. Akipimwa na kuingizwa kwenye programu ya ESL, shule inatakiwa ikuarifu ndani ya siku 30 tangu mwaka wa masomo uanze, au wiki 2 akijiunga katikati ya mwaka.

Kabla ya siku ya kwanza, mfundishe kwa Kiingereza mambo machache tu: kuomba kwenda chooni, kusema haelewi, kusema anaumwa, kusema hali nguruwe kama ndiyo desturi yenu, na namba ya basi lake. Mwambie pia kwamba mwalimu akimsemesha amtazame usoni. Kwetu kuinamisha macho ni adabu; huko mwalimu anaweza kudhani mtoto anaficha jambo.

Halafu atanyamaza. Wengine hukaa wiki kadhaa, wengine miezi, wakisikiliza tu. Usimlazimishe kuongea mbele ya wageni, wala usimfananishe na mdogo wake aliyeshika lugha mapema.

Kiingereza cha kuchezea mpira hupatikana kwa mwaka mmoja au miwili. Cha kusomea sayansi na historia huchukua miaka mitano hadi saba, na hapa ndipo wengi wanapoteleza: mtoto anaongea kama mzaliwa wa pale, mzazi anaomba atolewe ESL, kisha alama zinaporomoka. Muache amalize.

Nyumbani endeleeni na lugha yenu. Kiingereza cha kuokoteza cha mzazi hakimsaidii mtoto, na kinafupisha mazungumzo. Jioni muulize, kwa Kiswahili, leo mlisoma nini? Akieleza jinsi maji yanavyogeuka mvuke kisha mvua, kesho atatafuta maneno ya Kiingereza tu, maana somo analo tayari. Ongeza dakika 20 za kusoma. African Storybook ina hadithi za Kiswahili za bure mtandaoni, na kadi ya maktaba ya mtaa kwa kawaida hailipiwi.

Mtoto asifanywe mkalimani wa shule. Atayapunguza makosa yake mwenyewe anapotafsiri, au atabeba habari nzito kuliko umri wake. Shule za umma zinawajibika kukuletea mkalimani bila malipo. Taja kwamba unataka Kiswahili cha Kongo kama ndicho chako, kwa sababu mkalimani wa Mombasa anaweza kukupoteza katikati ya kikao.

Kichwa kinachouma kila asubuhi ya shule, kukojoa kitandani kulikokuwa kumekwisha, chakula kinachorudi bila kuguswa: yakiendelea, mpeleke kwa daktari apimwe macho na masikio, na umwone mshauri wa shule. Wakipendekeza apimwe ulemavu wa kujifunza, uliza kwanza kipimo kitafanywa kwa lugha gani. Kikifanywa kwa Kiingereza pekee, huenda kikaonyesha tu kwamba hajui Kiingereza.