Namna ya Kupanga na Kujenga Kizuizi cha Mpakani Nchini Uganda

Kizuizi cha mpakani, kiwe ukuta wa zege, uzio wa chuma au mtaro mpana, kazi yake ni kumchelewesha mtu. Mwenye ngazi ataukwea, mwenye msumeno ataukata, na mwenye jembe atapita chini yake. Kwa hiyo mhandisi aanze kwa kuuliza askari wa doria walio karibu watachukua dakika ngapi kufika mahali panapovunjwa, kisha ndipo aulize juu ya kimo cha nguzo. Ikiwa wanahitaji nusu saa, na uzio unakatika kwa dakika tano, fedha ya umma imefukiwa ardhini. Wauaji walioshambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha karibu na Mpondwe, Juni 2023, walikwisha kuelekea msitu wa Virunga, ng'ambo nchini Kongo, pamoja na watu waliowateka kabla ya kuzuiwa. Kwa sababu hiyo, jenga barabara ya doria na kambi kwanza, na uzio ufuate. Uganda inapakana na nchi tano, na hakuna bajeti itakayozungushia mpaka wote uzio; chagua vipande vichache ambavyo askari wanaweza kuvifikia upesi.

Baada ya hapo, hakikisha mstari wenyewe unajulikana. Azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika la mwaka 1964 mjini Cairo liliheshimu mipaka iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni, lakini mpaka uliochorwa ofisini hauonekani shambani. Huko Mutukula mpaka wetu na Tanzania unafuata mstari ulionyooka wa nyuzi 1 kusini mwa ikweta, na katika ardhi ya namna hiyo wapimaji wanaweza kuurudisha kwa vifaa vya setilaiti. Kwenye mto Semliki, mpakani na Kongo, mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa mto huo umekuwa ukihama njia yake na kuacha vipande vya ardhi upande usiotarajiwa. Ujumbe wa pamoja wa wapimaji wa nchi zote mbili utembee mstari mzima kwa miguu pamoja na wazee wa vijiji, usimike bikoni (alama za mpaka) za zege, na utie saini vipimo vilevile. Ukijenga kabla ya saini hizo, jirani atakuambia umejenga kwake, na mzozo wetu na Kenya juu ya kisiwa cha Migingo umetufundisha jinsi neno hilo linavyoweza kudumu kwa miaka mingi.

Kizuizi kisimame ndani ya ardhi yetu, nyuma ya mstari kwa mita za kutosha mafundi kukarabati pande zote mbili bila kukanyaga nchi ya jirani. Usirudi nyuma mno, hata hivyo. Katika jimbo la Texas, Marekani, uzio uliepuka kingo za mto Rio Grande, na mashamba ya raia yakabaki kati ya uzio na mto, wenyewe wakipita katika malango ili kufikia mali yao.

Kuhusu mashamba, ibara ya 26 ya Katiba ya mwaka 1995 inataka fidia ya haki ilipwe kabla ya serikali kuchukua ardhi. Uthamini ufanywe hadharani, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akiwapo, na mke au mume wa mwenye shamba asikilizwe pia. Busia ina familia za Wasamia zenye makaburi upande mmoja na mihogo upande wa pili. Orodha ya mali isiyotaja makaburi itarudi mahakamani.

Adui mkubwa wa uzio ni maji, kuliko hata mfanya magendo. Mwaka 2011, katika hifadhi ya Organ Pipe huko Arizona, mafuriko yaliangusha takriban mita 12 za uzio wa wavu: nyasi na matawi yalijaa katika wavu, na uzio ukageuka bwawa lisilo na msingi wa bwawa. Sisi tuna Lwakhakha, Malaba na Suam, mito inayopokea mvua za mlima Elgon na kupanda kwa saa chache. Pima mafuriko makubwa wanayoyakumbuka wenyeji na usitegemee kina cha kiangazi. Katika kila kijito weka malango ya chuma yanayonyanyuliwa msimu wa mvua, na uandike ni nani anayeyanyanyua, kwa amri ya nani, na askari gani atalinda pengo hilo yakiwa wazi. Penye mto mpana usijenge kabisa. Boti na doria zitafanya kazi nzuri zaidi.

Kwa upande wa vifaa, mimi napendelea nguzo za chuma zilizopakwa zinki na kujazwa zege, zikiachiana nafasi ambayo mtu hapenyi lakini askari anaona ng'ambo. Ukuta uliozibwa unamficha anayeuchimba. Mbao huliwa na mchwa. Katika udongo mweusi wa Karamoja, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, shusha msingi mpaka udongo mgumu, vinginevyo nguzo zitalala.

Tathmini ya mazingira ni ya lazima chini ya Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019. Ukuta wa mawe ya volkano huko Mgahinga unazuia nyati wasiingie mashambani, lakini tembo wanaovuka kati ya hifadhi ya Queen Elizabeth na Virunga watabomoa karibu kila kitu utakachoweka njiani mwao. Waachie njia hiyo wazi, na walinzi wawepo.

Malango ya watu yawe mengi na yawe karibu na masoko. Mpaka wa Katuna, kati yetu na Rwanda, ulipofungwa Februari 2019, njia za panya zilipata wateja hadi Januari 2022, na baadhi ya waliozipita waliuawa kwa risasi. Wafugaji wa Turkana nao huleta mifugo Karamoja kutafuta maji na malisho, jambo ambalo Uganda na Kenya zilitambua kwa makubaliano ya Moroto ya Septemba 2019. Uzio usio na lango la ng'ombe utavunjwa na ng'ombe.

Mwisho, tenga fedha za matengenezo katika mkataba uleule wa ujenzi. Wanakijiji walipwe kwa mwezi kufyeka nyasi na kutoa taarifa za nguzo zilizolegea, na kila kipande cha chuma kigongwe alama, ili mnunuzi wa vyuma chakavu akikutwa nacho asiweze kudai kimetoka kwenye geti la mtu.