Jinsi ya kujibu maswali ya baiskeli na utoto kwenye mtihani wa kuzungumza wa IELTS

Mdogo wangu anasoma vitabu vya Kiingereza bila kamusi na barua zake za kazini anaziandika mwenyewe. Jioni ya kwanza tuliyokaa kujiandaa na IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, nilimuuliza: "Did you have a bicycle when you were a child?" Akajibu "Yes, I had," kisha akanyamaza na kuanza kuchezea kifuniko cha kalamu. Baiskeli hiyo naikumbuka vizuri, maana ndiyo iliyomwachia kovu kwenye kidevu. Habari anayo, ila Kiingereza cha kuisimulia kilikuwa kimemkwama.

Tulifanya mazoezi wiki tatu. Haya ndiyo tuliyofuata.

Hatua ya 1: Jua swali limetoka sehemu gani

Mtihani mzima wa kuzungumza ni dakika 11 hadi 14, wewe na mtahini mmoja, na unarekodiwa. Sehemu ya kwanza, dakika 4 hadi 5, ni maswali mafupi juu yako mwenyewe. Ya pili unapewa kadi yenye mada, dakika 1 ya kujiandaa, kisha unazungumza dakika 1 hadi 2. Ya tatu ni mjadala wa dakika 4 hadi 5. Baiskeli na utoto vinaweza kutokea popote hapo. Mwongozo huu unahusu zaidi sehemu ya kwanza, maana ndipo watu wanapokwama wakidhani maswali ni mepesi.

Hatua ya 2: Kusanya kumbukumbu, usikusanye majibu

Chukua karatasi, andika maneno matano au sita tu: baiskeli ilikuwa ya nani, rangi gani, nani alikushikia kiti ukijifunza, ulianguka wapi, mlikuwa mnakwenda wapi. Usiandike sentensi hata moja.

Hapa nina msimamo mkali. Yale majibu ya "bendi 9", yaani alama ya juu kabisa, yanayosambazwa mtandaoni yaache kabisa. Watahini wamefunzwa kutambua jibu lililokaririwa, na hata asiyefunzwa angelisikia: sauti inakuwa tambarare, kasi inapanda, na swali likigeuzwa kidogo tu mtu anapotea.

Kama hukuwahi kuwa na baiskeli, sema hivyo. Unapimwa mambo manne yenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi, na matamshi. Maisha yako hayapimwi. "No, I never had my own, but I used to borrow my cousin's" ni jibu zuri kabisa.

Hatua ya 3: Tenganisha mazoea na tukio

Hii ndiyo iliyotuchukulia jioni nyingi, kwa hiyo usiipite haraka.

Kwa Kiswahili tunasema "nilikuwa naendesha baiskeli kila siku", na pia "nilikuwa naendesha baiskeli mnyororo ukakatika". Umbo ni lile lile, maana ni mbili: ya kwanza ni mazoea, ya pili ni jambo lililokuwa likiendelea wakati jingine linatokea. Kiingereza kinazitenganisha. Mdogo wangu alikuwa anatafsiri kichwani, kila kitu kinatoka "I was riding", "I was playing", "I was going". Sentensi kama "I was riding to school" si kosa yenyewe, lakini inamfanya msikilizaji asubiri kitakachotokea, na yeye alikuwa hana cha kuongeza.

Tulikubaliana hivi. Mazoea ya utotoni yaanze na "used to": "I used to ride to school." Tukio la mara moja lichukue wakati uliopita wa kawaida: "One day I fell off and cut my chin." Na "was riding" ibaki kwa jambo linalokatizwa: "I was riding home when the chain broke."

Baada ya hapo ndipo tahadhari zilipoanza kumiminika.

Usirudie "used to" kwenye kila sentensi. Fungua nayo, halafu endelea na "would" au wakati uliopita wa kawaida: "I used to ride with my cousins after school. We would race to the river, and the last one pushed the bikes back up the hill."

Lakini "would" ya namna hii ni ya vitendo tu, haiendi na hali. Huwezi kusema "I would have a red bike" ukimaanisha ulikuwa nayo zamani. Sema "I used to have a red bike" au "I had a red bike". Hapa tulipoteza jioni nzima, kwa sababu akishaizoea "would" aliiweka kila mahali.

Ukitaja muda kamili au idadi ya mara, "used to" iache. Si "I used to have it for five years", bali "I had it for five years". Vivyo hivyo ajali ya mara moja: ukisema "I used to break my arm", umesema mkono wako ulikuwa na desturi ya kuvunjika.

Usiichanganye na "I am used to riding", ambayo maana yake ni "nimezoea kuendesha", leo hii.

Na itamke "yusta", kwa pamoja. Ukiikata vipande viwili, "yuzd" halafu "tu", ulimi unajikwaa na sentensi yote inapoteza mwendo. Tuliirudia "I used to ride" mpaka ikatoka kama neno moja.

Lile jibu la kwanza, "Yes, I had", liwe "Yes, I did". Swali limeanza na "did", jibu lifuate.

Hatua ya 4: Maneno ya baiskeli yanayoteleza

Sisi tunaendesha gari na tunaendesha baiskeli, kitenzi kimoja. Kwa Kiingereza gari ni "drive", baiskeli ni "ride". Kuanguka kutoka kwenye baiskeli ni "fall off". "Najua kuendesha" si "I know to ride", ni "I know how to ride" au "I can ride". "Baba alininunulia" ni "My father bought me a bike", bila "for" katikati. Pancha ni "a puncture".

Neno lenyewe "bicycle" mkazo wake uko mwanzoni kabisa: BAI-si-kol. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kama tunavyosema baiskeli, kwa hiyo ulimi unavutwa huko. Ukiona linakusumbua, sema "bike". Halipunguzi alama.

Hatua ya 5: "He" na "she"

"Yeye" wetu ni mmoja kwa mwanamume na mwanamke, basi chini ya presha mama anageuka "he". Mdogo wangu alisema "My mother was holding the saddle and he was running behind me" bila kusikia kosa. Dawa iliyotusaidia ni kurudia jina: "my mother" tena, hata mara mbili mfululizo, mpaka "she" ije yenyewe.

Hatua ya 6: Urefu

Sentensi mbili hadi nne. Jibu, sababu au kumbukumbu moja, basi.

Hatua ya 7: Jirekodi kwa simu

Kinasa sauti cha simu kinatosha, na mimi nakipenda kuliko programu zozote za kutoa alama. Jibu swali moja, sikiliza ukitafuta kosa la aina moja tu, kwa mfano vitenzi vya zamani. Kisha rekodi upya. Ukitafuta makosa yote kwa pamoja utakata tamaa siku ya pili.

Hatua ya 8: Ukiwa mbele ya mtahini

Usiposikia, uliza: "Sorry, could you repeat the question, please?" Akikukatiza katikati ya jibu, usishtuke, anafuata saa. Na sikiliza kitenzi cha swali. Maswali ya utoto yakishaisha anaweza kukuuliza "Do you ride a bike now?" na ulimi bado uko kwenye "used to". Mdogo wangu alinaswa hapo mara nyingi nyumbani, mpaka tukazoea kuchanganya maswali ya jana na ya leo bila mpangilio, moja la utotoni, mawili ya sasa, kisha tena la utotoni.